CHUNGU KIMOJA, MATAIFA MENGI: Kupika chakula kamili bila nyama na kwa pesa kidogo

Somo la Idara ya Akina Mama (akina baba nao wasome)

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Ezekieli 4:9-10, Danieli 1:8-16

Mwezi huu somo letu ni la jikoni. Mtu asiseme kwamba jikoni si mahali pa somo. Tunaingia humo kila siku, na afya ya watoto wetu huanzia humo.

UTANGULIZI: MAHARAGE NILIYOYAUZA

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilipata habari kwamba mgeni atafika kwetu siku ya Jumamosi. Nyumbani kulikuwa na maharage ya kututosha wiki mbili, unga wa mahindi, mafuta kidogo na chumvi. Nikajiuliza: mgeni nitamwandalia maharage? Watu watasemaje? Nikachukua maharage karibu yote, nikayauza sokoni kwa hasara, nikanunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe.

Mgeni alikula, akashukuru, akaenda zake. Sisi tukabaki na ugali na chumvi kwa siku tisa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na nusu. Siku ya sita hakutaka tena kucheza na wenzake, akawa anakaa tu mlangoni.

Siku ya saba jirani yetu mmoja, mama kutoka Ethiopia, aliniletea bakuli la mchuzi mzito wa rangi ya udongo, wenye harufu ya vitunguu saumu na pilipili. Watoto walilamba bakuli. Nilimwuliza ameweka nyama gani. Akacheka, akaniambia kwamba hakuna nyama, hakuna maziwa wala siagi, maana wao wako katika mfungo. Ni unga wa dengu tu. Akaongeza kwamba kwao, siku za mfungo, hata tajiri hula chakula hicho.

Maneno hayo yalinifundisha. Chakula ambacho mimi nilikionea haya, wenzangu wanakiandaa kwa heshima. Toka siku ile nilianza kuwauliza majirani wa kila taifa: ninyi mnapika nini siku ambayo hakuna nyama? Somo hili limetoka katika majibu yao, pamoja na yale tunayofundishwa na wahudumu wa afya.

1. KWA NINI SOMO HILI SASA

Kila mmoja wetu anajua hali ya mgao. Hapa Uganda, mwezi wa Aprili 2020, mgao wa wakimbizi ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa Februari 2021 ulishuka tena ukawa asilimia 60 ya ule wa kwanza. Toka mwaka 2023 familia zimepangwa katika makundi kufuatana na mahitaji yao, na wako ambao hawapati tena kitu. Wengine wanapokea pesa badala ya chakula, na pesa hiyo hiyo inaitwa na sabuni, daftari na dawa.

Katika hali hiyo kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ile niliyoifuata mimi: kuuza chakula kizuri ili kununua chakula cha sifa. Njia ya pili ni kujua thamani ya kile tulicho nacho na kukipika vizuri.

Tufanye hesabu kidogo. Katika gramu 100 za maharage makavu kuna protini gramu 20 hivi, yaani kile kinachojenga mwili. Katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe kuna protini gramu 20 hivi pia. Ni kweli kwamba mwili hutumia protini ya nyama kwa urahisi zaidi kidogo. Lakini nenda sokoni uulize mwenyewe: bei ya kilo moja ya nyama inanunua kilo ngapi za maharage? Halafu gawa nusu kilo ya nyama kwa watu saba, uone kila mtu anapata nini, na kwa siku ngapi.

2. MAFIGA MATATU

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Vivyo hivyo mlo usio na nyama lazima uwe na mafiga matatu:

(a) Figa la kwanza ni chakula cha kutia nguvu: mahindi, mtama, mchele, ndizi, viazi, muhogo.

(b) Figa la pili ni chakula cha kujenga mwili: maharage, dengu, choroko, njegere, kunde, mbaazi, soya, karanga.

(c) Figa la tatu ni chakula cha kulinda mwili: majani ya kijani (lengalenga, ambayo hapa wanaita dodo, sombe, matembele, majani ya maboga), pamoja na matunda kama papai, pera, embe na ndimu.

Kwa nini figa la kwanza na la pili ziende pamoja? Protini imejengwa kwa vipande vidogo, kama vile ukuta unavyojengwa kwa matofali. Mahindi yana upungufu wa aina moja ya tofali ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa aina nyingine ambayo mahindi yanayo. Ukila vyote viwili siku moja, ukuta unakamilika. Ndiyo maana karibu kila taifa la watu wa kawaida limegundua jambo hili bila kwenda shule: Wakikuyu wana githeri, Wapare wa Tanzania wana makande, Wahindi wana wali na dengu, Wamexico wana chapati za mahindi na maharage, na sisi Wakongo tuna wali na madesu.

Ukisoma Ezekieli sura ya 4 utaona kitu kama hicho. Nabii huyo alikuwa uhamishoni Babeli. Aliagizwa kuchanganya ngano, shayiri, maharage, dengu na mtama katika chombo kimoja, na kula kwa kupimiwa, shekeli 20 kwa siku. Hiyo ni karibu robo kilo. Haikuwa karamu, ilikuwa ishara ya njaa ya mji uliozingirwa. Mgao wa kupimwa kwa mizani si jambo lililoanza na sisi. Lakini angalia kwamba hata katika mgao ule mdogo, nafaka na jamii ya kunde viliwekwa pamoja.

Je, figa moja likiondolewa inakuwaje? Hapa kuna habari ambayo kila mkimbizi inafaa aijue. Mwaka 1990, katika makambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watu zaidi ya 17,000 waliugua ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi ya shingoni na mikononi, pale jua linapopiga, hubabuka na kuwa nyeusi. Kisha mtu huharisha, na akiachwa bila matibabu huchanganyikiwa akili na hata kufa. Sababu haikuwa mdudu. Mgao wao ulikuwa wa mahindi zaidi, na karanga zilizokuwa zikiwapa vitamini iitwayo niasini zilikatika. Unga wa kushibisha tumbo ulikuwepo. Figa moja tu ndilo lililokosekana.

Basi kanuni ya somo letu ni hii: mgao ukipunguzwa, usihesabu kilo peke yake. Angalia ni figa gani limeondoka, kisha shilingi yako ya kwanza na kipande chako cha kwanza cha shamba vielekezwe huko.

3. TUJIFUNZE KWA MAJIRANI

Nakivale imepokea wakimbizi toka mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hapa kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, pamoja na wenyeji wetu Waganda na Wanyankole. Kila mtu alikuja na chungu chake kichwani, hata kama mikononi hakuwa na kitu. Vipimo vifuatavyo ni vya watu sita hivi. Kikombe ni kile cha plastiki cha robo lita.

A. Shiro ya Ethiopia na Eritrea

Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa, siagi na mayai siku za Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na pia katika Kwaresima yao ya siku 55. Kwa hiyo wamejua kwa karne nyingi kupika vizuri bila vitu hivyo.

Kutayarisha unga: chukua dengu au njegere kavu za manjano, osha na kausha juani. Kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka zinukie. Twanga au peleka mashineni, pamoja na pilipili kavu na tangawizi kavu. Hifadhi katika kopo kavu lenye kifuniko. Usitumie maharage mekundu kwa unga huu. Sababu utaiona katika sehemu ya 4.

Kupika: kata vitunguu viwili vidogo vidogo. Viweke kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga. Vikianza kushika, nyunyiza maji kidogo. Hii ndiyo siri yao: kitunguu kinalainika kwa maji kwanza, na mafuta yanakuja baadaye, kwa hiyo yanatosha machache. Sasa weka vijiko vitatu vya mafuta, vitunguu saumu vilivyopondwa na nyanya moja au mbili. Mimina vikombe sita vya maji na chumvi. Yakichemka, nyunyiza kikombe kimoja na nusu cha unga ule, kidogo kidogo, ukikoroga sana usifanye madonge. Acha ichemke taratibu dakika 15 hadi 20.

Kwao huliwa na injera, mkate wa nafaka iitwayo tefu. Sisi tunakula na ugali, viazi au chapati. Faida yake kubwa ni makala: inaiva kwa muda mfupi kuliko maharage.

B. Dengu ya Kihindi

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, wakaleta maelfu ya vibarua kutoka India. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wafanyabiashara wa Kihindi walienea mpaka Uganda, na chapati ikaenea pamoja nao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza, nao wakawa wakimbizi kama sisi. Lakini chapati ilibaki, na leo inauzwa kila kituo cha basi. Kilichobaki nyuma kidogo ni mwenzake, yaani dengu.

Chemsha vikombe viwili vya dengu au choroko katika vikombe saba vya maji, pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano. Zikilainika, weka chumvi na uzikoroge mpaka ziwe nzito. Sasa, mwishoni kabisa, pasha vijiko viwili vya mafuta katika kikaango kidogo. Tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, vitunguu saumu vinne vilivyokatwa na pilipili. Vikianza kugeuka rangi, mimina mara moja juu ya dengu na ufunike dakika mbili.

Sisi tumezoea kumwaga mafuta mengi mwanzoni. Wahindi wanayaweka machache mwishoni, na harufu yote inabaki juu ya chakula. Chupa ya mafuta uliyokuwa ukimaliza kwa wiki mbili inaweza kufika wiki tatu.

C. Fuli ya Sudan na Misri

Hiki ndicho chakula cha asubuhi cha watu wengi kule mto Nile unakopita. Wao hutumia maharage makubwa yanayoitwa fuli. Sisi tunaweza kutumia maharage yoyote yaliyobaki jana jioni.

Pasha maharage moto pamoja na mchuzi wake mpaka yachemke vizuri. Ponda nusu yake kwa mwiko, nusu uache nzima. Epua. Juu yake weka kitunguu kibichi kilichokatwa, nyanya mbichi, chumvi, bizari kidogo, kijiko kimoja cha mafuta na maji ya ndimu. Kula na mkate, chapati au muhogo uliochemshwa.

Ile ndimu si ya ladha tu. Maharage na majani yana madini ya chuma ya kuongeza damu, lakini mwili huyapata kwa shida. Ndimu, nyanya, pera au papai vikiliwa pamoja navyo, mwili hupata zaidi. Chai hufanya kinyume chake: huzuia. Basi chai tuinywe saa moja kabla au baada ya chakula, hasa akina mama wajawazito.

D. Mchuzi wa karanga wa Uganda

Wenyeji wetu wanaita binyebwa. Twanga vikombe viwili vya karanga mbichi zilizochambuliwa mpaka ziwe unga. Koroga unga huo katika maji baridi vikombe vinne. Weka motoni pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Koroga mpaka uchemke, halafu punguza moto na uache nusu saa au zaidi, mpaka mafuta ya karanga yaonekane juu. Hapo huhitaji mafuta ya dukani hata tone. Ukitaka mlo kamili, tia majani ya lengalenga dakika kumi za mwisho. Unakwenda vizuri na matoke, viazi vitamu au ugali.

Chambua karanga kwa uangalifu. Zile zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu, zitupe. Ukungu wake una sumu inayoharibu ini, na kuzikaanga au kuzichemsha hakuiondoi.

E. Sombe yetu wenyewe

Tusifikiri kwamba mambo mazuri yako kwa wengine tu. Sombe ni chakula chetu cha Kongo, na ndugu wa Rwanda na Burundi wanaijua kama isombe. Wengi wetu tunasema sombe bila samaki si sombe. Jaribu hivi: twanga majani machanga ya muhogo mpaka yalainike kabisa. Chemsha sufuria ikiwa wazi kwa saa nzima au zaidi. Tia vitunguu, bilinganya, pilipili hoho, kisha kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa na vijiko viwili vitatu vya mawese. Acha nusu saa tena.

Usifupishe kutwanga wala kuchemsha. Majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka kwa njia hizo mbili. Na mawese yasichomwe mpaka yapoteze wekundu wake, maana wekundu huo ndio wenye vitamini A ya macho.

4. MAKALA, KUNI NA USALAMA

Mama mmoja aliniambia: "Dada, maharage si ghali, makala ndiyo ghali." Ni kweli. Basi tufanye haya:

Kwanza, loweka maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12. Mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Yataiva mapema zaidi, na gesi tumboni itapungua.

Pili, maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 10. Yakiwa mabichi au nusu-nusu yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Kuyakaanga makavu hakutoshi, ndiyo maana nimesema yasitumiwe kwa unga wa shiro.

Tatu, tengeneza kikapu cha kuivishia. Chukua kikapu kikubwa au boksi, zungushia ndani nguo kuukuu, blanketi lililochanika au majani makavu ya migomba. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa kwenye mbabula. Funika sufuria, itie kikapuni ikiwa bado inatokota, ifunike kwa nguo nzito, uende shambani. Baada ya saa nne rudi uangalie. Kabla ya kula, yachemshe tena.

Nne, panda figa la tatu mlangoni. Gunia moja la udongo na samadi, lililotobolewa pembeni, linabeba miche mingi ya lengalenga na vitunguu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulimwagilia.

5. KWA WATOTO WADOGO NA AKINA MAMA WAJAWAZITO

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mtu mzima anaweza kukaa vizuri na chakula cha mimea, lakini iko vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, au katika vyakula na vidonge vilivyoongezewa. Asiyekula kabisa vitu hivyo kwa muda mrefu huweza kupungukiwa damu na kuharibika mishipa ya fahamu. Mama mjamzito au anayenyonyesha aliye katika hali hiyo amweleze mhudumu wa kituo cha afya.

Mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili anahitaji chakula cha wanyama zaidi kuliko sisi wote, kwa sababu tumbo lake ni dogo na anakua haraka. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, na uji wake uongezwe karanga au soya iliyokaangwa vizuri na kusagwa. Na kama yai moja limepatikana nyumbani, au ndagala kiganja kimoja, lisiende kwenye sahani ya baba wala ya mgeni. Liende kwa mtoto huyo.

Akina baba, hapa ndipo tulipowaombea msome. Desturi yetu ni kwamba kipande kizuri ni cha mwenye nyumba. Baba akila maharage na sombe kwa furaha mbele ya watoto, mama hatauza tena maharage kwa sababu ya haya.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikibadilika rangi, akikosa hamu ya kula au ya kucheza, usisubiri mapishi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

6. MFANO WA WIKI MOJA

Jumatatu: ugali, shiro, majani ya maboga.
Jumanne: githeri ya mahindi na maharage, na papai.
Jumatano: viazi vitamu, mchuzi wa karanga wenye lengalenga.
Alhamisi: wali au ugali, dengu ya Kihindi, nyanya mbichi na ndimu.
Ijumaa: muhogo, fuli ya maharage yaliyobaki, pera.
Jumamosi: ugali, sombe ya karanga.
Jumapili: chapati, dengu, kabeji na karoti.

Angalia kila siku: mafiga matatu yapo. Aliye na vitu vichache zaidi abadilishe siku, asibadilishe mafiga.

HITIMISHO

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliochukuliwa kutoka kwao kwa nguvu. Waliomba wapewe chakula cha mimea na maji kwa siku kumi badala ya chakula cha mfalme, na baada ya siku hizo nyuso zao zilionekana vizuri kuliko za wengine. Hatusemi kwamba nyama ni mbaya. Tunasema kwamba mtu aliye ugenini anaweza kula chakula cha kawaida bila kuinamisha kichwa.

Mwaka jana mgeni alikuja kwetu tena. Safari hii nilimwandalia ugali, shiro, sombe ya karanga, na papai nililopewa na jirani. Aliomba aongezwe shiro, akauliza ni nyama gani. Mtoto wangu, yule aliyekaa mlangoni siku zile, sasa ni mkubwa. Yeye ndiye aliyemjibu, tena kwa kicheko. Na Jumatatu yake, maharage yalikuwa bado gunia lake limesimama pembeni ya nyumba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika chakula ulichokula jana, taja mafiga matatu. Ni lipi lililokosekana?
2. Je, umewahi kuuza chakula cha mgao ili kununua kitu cha sifa? Nyumbani kulitokea nini baadaye?
3. Nyumbani kwako, kipande kizuri cha chakula kinaenda kwa nani, na kwa nini?
4. Taja chakula kimoja cha kwenu kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Kinapikwaje?

ZOEZI LA MWEZI: Kila kikundi kichague siku moja. Kila mama alete chungu kimoja cha kwao, bila nyama, na aeleze vipimo vyake. Anayejua kuandika awaandikie wengine. Majirani wa makanisa mengine na wa dini nyingine wakaribishwe pia, kwa sababu ni wao waliotufundisha.

Muwe na afya njema, na chungu chenu kisikauke.